Tony Soprano Alivyogeuka Jamaa Yetu

Februari 7, 1999, watazamaji wa kituo cha HBO nchini Marekani walimwona baba mmoja akimzungusha binti yake jimboni Maine kukagua vyuo vikuu. Kwa wazazi wa huko wenye uwezo, hiyo ni safari ya kawaida. Ndani ya gari binti anamuuliza baba yake, bila kuzunguka, kama yumo kwenye mafia. Baba anaruka, halafu anakiri nusunusu: ndiyo, baadhi ya pesa za nyumbani zinatokana na kamari haramu na mambo ya namna hiyo. Binti anaridhika na hicho kipande cha ukweli. Baadaye, kwenye kituo cha mafuta, baba anamwona mtu anayemfahamu. Ni mwenzake wa zamani kwenye genge, aliyewageuka wenzake, akashirikiana na serikali, akapewa jina jipya na kufichwa huku kaskazini. Siku ya pili, wakati binti yuko chuoni kwenye usaili, baba anamvizia yule mtu nje ya ofisi yake, anamnyonga kwa waya kwa mikono yake mwenyewe, kisha anarudi kumchukua mtoto wake akiwa na tope kwenye viatu.

Baba huyo ni Tony Soprano, na tamthilia yenyewe, The Sopranos, ilikuwa imefika sehemu ya tano tu. Chris Albrecht, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa HBO, aliogopa. Aliona watu wameanza kumpenda Tony, na mauaji yale yangewakimbiza wote. David Chase, mbunifu wa tamthilia, alishikilia msimamo wake: mtu wa kazi ya Tony akimwona msaliti na kumwachia, mtazamaji atajua kwamba anadanganywa, na tamthilia itakuwa imekwisha. Alikubali jambo moja tu, kuongeza maonyesho ambamo yule msaliti naye anapanga kumuua Tony. Sehemu ile ikapata tuzo ya Emmy kwa uandishi. Watazamaji hawakukimbia. Walibaki na Tony mpaka Juni 10, 2007, sehemu 86 kwa jumla.

Swali linalostahili kufikiriwa kwa utulivu ni hili: kwa nini walibaki? Na kwa nini watu wanaendelea mpaka leo kuitafuta tamthilia hii na zile zilizoifuata, katika nchi ambazo hazina hata chembe ya historia ya mafia wa Kiitalia?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba binadamu anapenda damu, na kwamba mtu aliyechoka kupanga foleni na kunyenyekea mabosi hufurahi kumwona mwanamume asiyepanga foleni wala kumnyenyekea yeyote. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitufikishi mbali. Picha za kupigana na kuuana zimejaa kila mahali, na nyingi zina damu kuliko hii. Katika The Sopranos hupita sehemu nzima bila mtu kuuawa: watu wanakula, wanagombana juu ya nani alimtembelea bibi hospitalini, mtoto anapata alama mbaya shuleni. Kama ni kiu ya damu tu, hapa mtu angebaki na kiu yake.

Mimi naona siri iko mahali pengine. Tamthilia hizi humfanya mhalifu kuwa jamaa yetu, na jamaa hatumhukumu kwa mizani tunayomhukumia mgeni. Mgeni akiiba tunataka afungwe. Mjomba akiiba tunataka kwanza tuelezwe ilikuwaje, na mke wake anaendeleaje, na kama watoto wanajua. Chase aliuelewa udhaifu huo wa binadamu, akaujengea nyumba, akatuingiza ndani, halafu akatutoza gharama ya kukaa humo. Hapo ndipo kazi yake inapozidi kazi za wengi waliomfuata.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuliona jambo hili upesi, kwa kuwa hadithi zetu za uhalifu zilijengwa upande wa pili. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa na kiko chake, akaja Elvis Musiba na Willy Gamba, kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango, macho yetu yamekuwa macho ya mpelelezi. Tunamfuata anayefumbua fumbo, na mhalifu tunamfikia mwishoni. Kwenye vibanda vya video nako sheria ilikuwa wazi: kuna stelingi na kuna adui, stelingi hafi, adui lazima alipe. Anayeikuta The Sopranos na mazoea hayo hupata taabu katika saa ya kwanza. Stelingi na adui ni mtu mmoja, na huyo mtu yuko bustanini akichoma nyama kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe, amevaa shati la mikono mifupi, anawaangalia bata mwitu waliohamia kwenye bwawa lake la kuogelea. Bata wanaruka na kuondoka. Yeye anaishiwa pumzi na kuanguka chini.

Kuanguka huko ndiko kunakofungua hadithi yote. Madaktari hawaoni ugonjwa wa moyo wala uvimbe kichwani. Ni hofu iliyomzidi nguvu. Kwa hiyo Tony, mtu ambaye kazi yake rasmi ni ushauri wa masuala ya takataka na kazi yake halisi ni kamari, mikopo ya riba, ulaghai kwenye kandarasi na vipigo, anajikuta ameketi mbele ya daktari wa akili, Jennifer Melfi. Katika kundi lake jambo hilo ni hatari, kwa sababu anayemweleza mgeni siri za moyo anaweza siku moja kumweleza siri za kazi.

Mwanzoni Chase aliifikiria hadithi hii kama filamu: jambazi anayekwenda kwa daktari wa akili kwa sababu ya mama yake. Mama huyo alimchota kutoka kwa mama yake mwenyewe, na hakuwahi kuficha hilo. Alikuwa amefanya kazi kwenye televisheni za kawaida za Marekani kwa miaka mingi, ikiwemo The Rockford Files na Northern Exposure, na alikuwa amezichoka. Kituo cha Fox kilipewa mswada wake kikaukataa. HBO waliuchukua, na tofauti ya vituo hivyo viwili inaeleza mengi. Televisheni inayoishi kwa matangazo humuuzia mtengeneza sabuni macho ya watazamaji, na mtengeneza sabuni hapendi bidhaa yake ifuate baada ya baba kumnyonga mtu kwa waya. HBO ilikula kwa ada za wanachama, bila matangazo. Haikuhitaji kila mtu apendezwe kila dakika. Ilihitaji watu wachache wasiokubali kukatisha uanachama wao. Bila mpango huo wa kibiashara, safari ya Maine isingefika kwenye skrini.

Jambo la pili, baada ya biashara, ni muda. Filamu ya The Godfather ya mwaka 1972 inakwisha kwa takriban saa tatu, na akina Corleone wanabaki kichwani mwako kama wafalme: vyumba vya giza, sauti za chini, watu wanaobusu mkono. Ni wakubwa kuliko sisi. Tony tulikaa naye zaidi ya miaka minane. Tulimwona asubuhi akiteremka na vazi lake la kuogea kwenda kuokota gazeti mbele ya nyumba, tumbo limetangulia. Tulimwona akifungua friji usiku na kula nyama baridi kwa vidole huku amesimama. Watoto wake walikua mbele yetu kwelikweli. Robert Iler, aliyeigiza kama mwanawe AJ, aliingia akiwa mtoto mnene wa darasani na kutoka akiwa kijana mwenye ndevu. Tukajua kabati la vyombo liko wapi. Tukajua mke akinyamaza ana maana gani. Muda wa namna hiyo hauwezi kuigwa na filamu hata iwe nzuri kiasi gani, kwa sababu mazoea ndiyo yanayofanya ujamaa, na mazoea hayapatikani kwa saa tatu.

James Gandolfini alistahili kila tuzo aliyopewa, Emmy tatu kwa nafasi hii moja. Alikuwa mtoto wa New Jersey, hakuwa na sura ya wanaume wanaochaguliwa kuongoza tamthilia, na alifanya nusu ya kazi kwa pumzi. Msikilize anavyohema kwenye kiti cha Melfi. Kuhema kule kunatangulia hasira yake, kunatangulia pia machozi, na mara nyingi hatujui kipi kitatoka. Ana macho ya mtoto aliyekaripiwa bure, na sekunde mbili baadaye macho yaleyale yanamfanya mtu mzima arudi nyuma. Alifariki Roma mwezi Juni 2013 akiwa na miaka 51. Sioni mwigizaji mwingine ambaye angeweza kutufanya tumhurumie mtu huyu bila kutuficha hata dhambi yake moja.

Ofisi ya Melfi ndiyo chombo kikuu cha uandishi wa tamthilia hii, na inafaa tueleze inavyofanya kazi. Tony anakuja akiwa ametoka kutenda jambo ambalo sisi tumeliona. Anamsimulia daktari, lakini anasimulia akiwa amelisafisha: aliyepigwa amegeuka mtu aliyekuwa na matatizo kazini, aliyeuawa amegeuka rafiki aliyeondoka. Sisi tunajua uongo uko wapi. Daktari anakisia. Kwa hiyo kila kikao kinatupa raha mbili kwa pamoja, ya kumjua mtu kwa ndani na ya kumkamata akijidanganya. Lakini pia kinatukalisha kwenye kiti cha daktari. Melfi ni mwanamke msomi, mwadilifu, mwenye maisha yake, na bado anavutwa. Kila mara anajiambia kwamba anabaki kwa sababu mgonjwa anaendelea vizuri. Nasi tunajiambia hivyohivyo.

Mwaka 2001, katika msimu wa tatu, Melfi anabakwa kwenye ngazi za jengo la maegesho. Mtuhumiwa anakamatwa, kisha anaachiwa kwa sababu polisi walivuruga utaratibu wa ushahidi. Siku chache baadaye Melfi anamwona mtu yule kwenye picha ukutani, mfanyakazi bora wa mwezi kwenye mgahawa. Tony, asiyejua lolote, anamwona daktari wake analia na kumuuliza kama ana jambo la kumwambia. Neno moja tu lingetosha. Kila mtazamaji anajua kitakachompata mbakaji akilitamka. Na kila mtazamaji, nikiwemo mimi, anataka alitamke. Anajibu hapana, na sehemu inakatika hapohapo. Sijui saa nyingine ya televisheni iliyomfichua mtazamaji kwa uwazi kiasi hicho. Tumekaa tukijihesabu watu wema wanaomtazama mtu mbaya, mara tunajikuta tunataka kumtumia.

Kuhusu mama, Livia, nitasema machache, ingawa Nancy Marchand alimwigiza kwa namna ambayo haisahauliki. Kwetu mama ni mtu wa radhi, na neno la mama hubebwa kama dua. Livia anapogundua kwamba mwanawe anamsimulia daktari habari zake, anamchochea shemeji yake, Junior, mpaka Junior anatuma watu wamuue Tony. Hasemi kamwe muueni. Analalamika tu, anasahau kidogo, anaacha maneno yadondoke. Kupitia yeye tunaelewa hofu ya Tony inakotoka, na tunamwonea huruma. Uzuri wa Chase ni kwamba alitupa chanzo bila kutupa udhuru. Dada zake Tony wamelelewa na mama huyohuyo, na Barbara, mdogo kabisa, anaishi maisha ya kawaida ya mke na mama wa watoto.

Anayenishughulisha zaidi ni Carmela, mke, aliyeigizwa na Edie Falco, naye alipata Emmy tatu. Wengi wanaoandika juu ya tamthilia hizi humwacha jikoni na kwenda na wanaume kwenye duka la nyama la Satriale. Naona hilo ni kosa kubwa, kwa sababu jikoni ndiko ujamaa wetu na Tony unakopikwa. Usiku uleule ambao Tony yuko Maine, Carmela yuko nyumbani na padri, anaungama. Anasema, kwa maana, kwamba ameruhusu uovu ndani ya nyumba yake kwa sababu alitaka starehe zake. Amelijua hilo katika sehemu ya tano. Zinabaki sehemu 81.

Miaka miwili baadaye anakwenda kwa daktari mwingine wa akili, mzee aitwaye Krakower. Tukio lile halifiki dakika tano. Carmela anaanza kulalamika kama wake wengi wanavyolalamika: mume mkali, mume ana wanawake. Mzee anamkatisha. Anamweleza kwamba mume wake ni mhalifu, kwamba yeye ni mshiriki, na kwamba njia iliyopo ni kuchukua watoto na kuondoka. Kisha anakataa malipo, kwa kuwa hataki pesa ya damu, na anamwonya kwamba kuanzia siku hiyo hataweza kusema hakuambiwa. Katika sehemu zote 86 hakuna mtu mwingine anayeizungumza kweli hiyo wazi namna ile. Carmela anarudi nyumbani, anajilaza kwenye kochi. Halafu anafanya nini? Anamlazimisha Tony atoe dola 50,000 kwa chuo kikuu cha Columbia, anakosoma binti yao Meadow. Pesa ileile ambayo mzee amekataa kuigusa, yeye anaipeleka mahali ambapo itageuka heshima ya binti yake.

Twende mbele mpaka mwaka 2004. Wametengana, Tony anakaa nyumba ya marehemu mama yake. Carmela anakubali arudi, kwa masharti, na sharti kubwa ni kiwanja: Tony atoe dola 600,000 ili ajenge nyumba ya kuuza. Katika sehemu hiyohiyo, Adriana, mchumba wa Christopher, kijana ambaye Tony anamlea kama mpwa wake, anakiri kwa mchumba wake kwamba FBI wamekuwa wakimbana atoe habari. Anataka wakimbie wote wawili. Christopher anachagua genge. Tony anampigia Adriana simu na kumdanganya kwamba mchumba wake amejaribu kujiua, yuko hospitali, na kwamba Silvio, mmoja wa watu wa Tony, atampitia ampeleke. Silvio anampeleka msituni. Adriana anatambaa juu ya majani makavu. Sehemu inaishia kwa Tony na Carmela, wamerudiana, wakikagua kiwanja chao kipya. Ni msituni. Miti ni ya aina ileile, majani makavu ni yaleyale.

Hakuna mhusika anayetuunganishia maonyesho hayo mawili. Carmela hajui Adriana yuko wapi na ataambiwa kwamba ameondoka tu. Sisi tunajua. Na kwa saa nzima tulikuwa tunataka ndoa ile ipone, kama watu wa nyumbani wanavyotaka, kwa hiyo hatuwezi kuiangalia furaha ya Carmela tukiwa na mikono misafi. Hii ndiyo gharama niliyoitaja mwanzoni. Tamthilia dhaifu za aina hii hutupa ujamaa bila kututoza: familia ya majambazi ina nguo nzuri, muziki mzuri, na wanaokufa ni majambazi wenzao ambao hatukuwajua. The Sopranos huua watu tuliokula nao. Sal Bonpensiero, mcheshi wa kundi, anauawa ndani ya boti na rafiki zake watatu wanaompenda kwa dhati, kwa sababu alikuwa ameshabanwa na FBI. Christopher mwenyewe anamalizwa na Tony mwaka 2007, baada ya ajali ya gari, kwa kubanwa pua huku damu ikimjaa kinywani. Siku zile Tony hahuzuniki. Anahisi mzigo umemtoka, na anakasirika kuona wengine wanalia.

Malalamiko ya Wamarekani wenye asili ya Italia nayo yanastahili kusikilizwa kwa heshima. Wengi mno kati yao hawajawahi kumjua jambazi hata mmoja, na miaka mingi waliona jina la Kiitalia kwenye skrini likiambatana na bastola. Mwaka 2002 waandalizi wa gwaride la siku ya Columbus jijini New York waliwakataza waigizaji wawili wa The Sopranos kushiriki, ingawa walikuwa wamealikwa na meya Michael Bloomberg mwenyewe. Meya akasusa gwaride. Nawaelewa waandalizi. Watu wasiojulikana vyema wakipewa sura moja, sura hiyo huwafuata hadi kwenye usaili wa kazi. Chase naye alikuwa mtoto wa ukoo huo, na ndani ya tamthilia aliwapa sauti watu wanaolalamika hivyo, akiwemo mume wa zamani wa Melfi. Jibu lake halikuwamaliza, na nadhani halikupaswa kuwamaliza. Kwa upande mwingine, kanda za siri za FBI za mwaka 1999 ziliwanasa watu wa genge la DeCavalcante la New Jersey wakijadiliana kama tamthilia inawasema wao. Walijitambua, na inaelekea walifurahi.

Hilo la mwisho linatuleta kwenye hofu ya kweli: je, kumkaribisha mhalifu sebuleni kunamsafisha? Waitalia wenyewe walijaribu njia nyingine. Gomorra, iliyoonyeshwa kuanzia 2014 hadi 2021, ilitoka kwenye kitabu cha Roberto Saviano cha mwaka 2006 kuhusu Camorra, mafia ya Naples, kitabu kilichomfanya aishi chini ya ulinzi wa polisi tangu mwaka huo. Ndani yake hakuna daktari wa akili, hakuna utani wa mezani, na wahusika wanazungumza Kinapoli kizito kiasi kwamba Italia yenyewe iliitazama kwa maandishi chini ya picha. Ciro, mmoja wa wahusika wakuu, anamnyonga mke wake mwenyewe. Ni dunia ya zege na mvua isiyokuachia pa kuegemea. Hata hivyo watu waliipenda, na baadhi ya waendesha mashtaka na viongozi wa huko walilalamika kwamba vijana wanaiga mitindo ya nywele na maneno ya wauaji wale. Kwa hiyo ubaya ukionyeshwa mtupu, nao unavutia. Mhusika tukikaa naye muda mrefu tunamzoea, awe anacheka au hacheki. Kinachobaki mikononi mwa mwandishi ni kuamua kama atatukumbusha nani analipa.

Chase alitukumbusha mpaka dakika ya mwisho. Sehemu moja kabla ya kumalizika, Melfi anasoma kwamba mazungumzo ya tiba huwanoa wahalifu wa aina ya Tony badala ya kuwaponya, na anamfungia mlango. Kiti tulichokuwa tumekalia kinaondolewa. Halafu inakuja sehemu ya mwisho: mgahawa wa Holsten's mjini Bloomfield, familia inakusanyika kula vitunguu vya kukaanga, Meadow anahangaika kuegesha gari nje, mlango unafunguliwa, Tony anainua macho, na skrini inakuwa nyeusi. Watu wengi walidhani televisheni zao zimeharibika. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa. Waliotaka Tony apigwe risasi walikuwa wengi, na naelewa kwa nini: kifo chake kingetusafisha. Tungesema tulikuwa upande wa haki muda wote, tulikuwa tunasubiri tu. Chase alitunyima risiti hiyo, na mimi naona alifanya sawa.

Tangu hapo zimekuja nyingi. Vince Gilligan wa Breaking Bad amekiri kwamba bila Tony Soprano asingempata mhusika wake. Terence Winter, aliyeandika sehemu nyingi bora za The Sopranos, ikiwemo ile ya Adriana, alikwenda kuunda Boardwalk Empire. Mabunduki na suti zimeigwa kila nchi yenye kamera. Jiko la Carmela limeigwa na wachache.

Ndiyo maana nina ombi kwa waandishi wetu wa tamthilia, walioko Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na kwingineko. Familia zinazokula jasho na damu ya wengine zipo kwetu pia, na hazihitaji jina la Kiitalia. Fasihi yetu ilishafungua mlango huo: mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed alituandikia Utengano, akatupa Bwana Maksuudi, mheshimiwa mbele za watu na katili kwa mke na binti yake, na akatuonyesha nyumba nzima inavyovunjika. Tuna lugha ya kuisema nyumba hiyo, tuna waigizaji, na tuna watazamaji waliokwisha kuzoea kufuatilia hadithi ndefu. Mkiamua kumwandika mkubwa wa magendo ya dawa au mnyang'anyi wa viwanja, msianzie kwenye bastola. Anzieni kwenye ada ya shule ya mtoto wake, na mtuonyeshe imelipwa kwa pesa ya nani.